Wazazi walitaka michezo ifungwe darasa la awali, tukaishia kubishana kuhusu zabibu

Wakuu, habari za mchana. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nimeona niandike. Haya yamenitokea mwenyewe, sijasimuliwa.

Nafundisha darasa la awali kijiji kimoja huku Hombolo. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kigogo, Kiswahili wanakutana nacho shuleni.

Ukimsimamisha mtoto mbele ya ubao umuulize tatu ukiongeza mbili ni ngapi, anaangalia vidole vya miguu tu.

Nikaamua ubao upumzike kidogo.

Nikakusanya vizibo vya soda na kokoto za kuhesabia. Henga ya nguo na makopo mawili, tayari mizani. Tukawa tunacheza duka, tunapima, tunabishana kipi kizito. Kwenye beseni la maji kila mtoto anatabiri kwanza: kitaelea au kitazama?

Darasa likachangamka. Kelele zilikuwepo, sikatai.

Shida ikaja wazazi walipofungua madaftari wakakuta meupe. Baba Nyemo, mkulima wa zabibu, akanifuata hadi ofisini.

"Madam, namtuma mtoto shule anarudi kaloa, mfukoni kokoto. Kusoma atasoma lini?"

Wenzake wakamuunga mkono. Mwalimu mkuu akaitisha kikao cha wazazi, akaniambia wazi: wakikataa, michezo inafungwa na darasa anapewa mwingine.

Nililipenda lile darasa, wakuu. Usingizi ulinipaa.

Siku ya kikao sikuandaa hotuba. Nilibeba jagi la plastiki linaloonesha ndani, maji, pakiti ya chumvi na zabibu. Nikawaomba wazazi na watoto wao watabiri: zabibu moja ikitiwa majini, itaelea au itazama?

"Itazama," Baba Nyemo akasema. "Zabibu nazijua."

Binti yake, Nyemo mwenyewe, akasema itaelea.

Nikaidondosha. Ikaenda chini moja kwa moja. Watu wakaangua kicheko.

Huyu Nyemo alipoanza shule, akikosea jibu alikuwa anaingia chini ya dawati analia. Nikajua nimemharibia mbele ya kijiji kizima.

Nyemo akasogea, akachungulia jagi.

"Nimekosa," akasema, kwa sauti kabisa. Kisha akaonesha pakiti. "Madam, tukitia hiyo?"

Jaribio hilo hatukuwa tumelifanya darasani. Nikampa. Akamwaga chumvi, akakoroga, akamwaga tena. Zabibu ikatikisika, ikapanda taratibu hadi juu.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mama mmoja akauliza kama sukari nayo inaweza. Mwingine akabisha. Wakaanza kusukumana kwenye jagi.

Baba Nyemo hata zabibu hakuitazama. Alikuwa anamwangalia mtoto.

"Nyumbani huyu haulizi kitu," akaniambia. "Akikosea ananikimbia."

Akakaa. Kikao kilipofika kwenye uamuzi, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza: michezo iendelee, ila na kuandika kuwepo. Nikakubali, maana kwenye madaftari walikuwa na haki.

Nilichojifunza: mtoto asiyeogopa kukosea, hesabu na sayansi zinamwingia. Na woga huo unatoka akigusa vitu mwenyewe. Hilo nalisema bila wasiwasi, nimeliona.

Walimu na wazazi mliomo, vitoto vyenu mnavifundishia nini? Na anayeona napoteza muda aseme tu, tubishane kistaarabu.