Zakariye na Kengele ya Ngamia

Mjukuu wangu Zakariye alichunga ngamia huko Diff kabla ya kuwa rubani. Mwaka wa El Nino barabara zilikatika, akawa anarusha ndege bila kupumzika. Siku aliyonibeba mimi bibi yake kwenda Garissa akasinzia, usukani ukajigeuza wenyewe.

“Zakariye! Nani anaendesha?”

“Mashine, ayeeyo.” Akakoroma.

Ngamia wa mbele huijua njia, lakini akifika nyumbani husimama. Garissa ikabaki nyuma, mashine ikaendelea tu! Nikatoa mkobani kengele ya ngamia wake wa zamani, nikaitikisa sikioni mwake. Akalala zaidi, kama mchungaji anayesikia mifugo iko karibu. Mkono ukachoka, nikaacha. Kimya kikamshtua.

“Ngamia wamepotea!”

Akaigeuza ndege, tukatua Garissa.

“Sasa nani katuleta?”

“Hata sijui, ayeeyo.”

Mimi pia sijui. Kengele nikamwachia.