Kiitikio cha Mwalimu Anselim

"Mafuriko yakija Ifakara mtasema Anselim ndiye aliyemwaga ndoo," Mwalimu alilalamika. "Maisha yangu yote nakitungia kigango hiki nyimbo, leo naitwa mwizi mbele ya besi."

Hakuna aliyemwita mwizi. Tekla, mwanzishaji wa kwaya yetu, alikuwa ameuliza tu wimbo ule wa jubilei ameutoa wapi.

Anselim, kwa wasiomjua, ni fundi baiskeli wa Lipangalala, mtu wa Mahenge, hajawahi kuoa. Nota hajui. Anatunga kwa mluzi huku anaziba pancha, na Krismasi, Pasaka, mpaka maziko, tunaimba zake. Basi mwaka tisini na sita, kigango kilipotimiza miaka ishirini na mitano, nani mwingine angetunga wimbo wa jubilei?

Wimbo mtamu, ila una kituko. Katikati ya kiitikio, baada ya "Bwana umetubeba", kwaya nzima inanyamaza kidogo, halafu inaendelea. Besi walidhani amesahau maneno.

"Nyamazeni hapo," akawaambia. "Ndivyo ulivyo."

Mazoezi ya mwisho, kwenye kimya hicho, mkono wa Tekla ulipanda wenyewe, ukazunguka hewani kama wa mtu anayerusha kombeo. Akautazama. Akaelewa, ndipo akauliza.

Msimu wa kuamia ndege, kila mwanamke kwenye mpunga wake ana wimbo wake, anaimba kutwa ndege wasishuke. Marehemu mama yake Tekla aliimba, akanyamaza, akarusha donge la udongo, akaendelea. Kanisani marehemu hakufungua mdomo hata siku moja. Alisema sauti yake ni ya kutishia ndege. Na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mto, mbali kabisa na Kivukoni wanakovukia watu. Huko hapiti mtu asiye na jambo lake.

"Sidai kitu, Mwalimu," Tekla alisema. "Jumapili litasomwa jina lako kama mtunzi, na mimi ndiye nitaanzisha. Nataka nijue naanzisha wimbo wa nani."

"Sauti inasafiri, mwanangu. Ni upepo."

"Upepo wa kuvuka mto?" Serafina wa sauti ya pili akadakia. "Huo labda ulikuwa na baiskeli."

Besi wakakohoa kikohozi cha kicheko. Tekla hakucheka. Alikuwa anakumbuka baba yake kule kwenye mashamba ya miwa, akirudi mwisho wa mwezi tu. Na baiskeli ya mama, ambayo haikulala na pancha hata siku moja, wala fundi wake hakuwahi kutajwa nyumbani.

"Mwalimu, mama yangu ulikuwa unamsikilizia wapi?"

Anselim akajifuta mikono kwa kitambaa, ingawa siku hiyo hakuwa ameshika grisi. Akasema mazoezi yameisha. Akachukua baiskeli yake, hakuipanda, akaikokota mpaka barabarani, akaenda zake.