Ukuta Uliolambwa na Mbuzi

Wiki ile ya kuja wakwe, baba na mama walikosana juu ya rangi, na anayeposwa ni mimi! Mchumba wangu alikuwa mtu wa Kibaha, kwao watumishi wa serikali, nyumba ya saruji na bati. Yetu ilikuwa ya udongo na makuti, huku Kibuta. Nilimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti, na niliogopa jambo moja tu: watuone, watudharau, waghairi.

Baba akaenda Kariakoo, akarudi na kopo la rangi ya mafuta amelipakata kama mtoto mchanga. Lilitosha ukuta wa mbele tu.

"Kizuri gharama," akasema.

"Gharama yako ibaki huko mbele," mama akamjibu. "Ubavuni niachie mimi."

Akateremka bondeni na shangazi kuchimba udongo mweupe, ambao kwetu ni wa bure, wakauchanganya na uji wa muhogo ili ushike. Mama hakuridhika. Akatia na chumvi, kibaba kizima, na chumvi siku zile ilikuwa ya kupanga foleni! Alisikia inazuia weupe usichafue nguo za watu wakiegemea. Ee, ukuta ukang'aa! Mama akawa hashikiki kwa maringo.

Asubuhi ya ugeni, rangi ya baba ilikuwa imevimba malengelenge, maana ukuta ulikuwa bado na unyevu wa masika. Ukigusa, inabanduka na udongo wake. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumcheka, tukasikia ndimi zinakwaruza ubavuni. Mbuzi! Mbuzi wote wa jirani wamejipanga, wanalamba chumvi. Juu ukuta mweupe. Chini, hadi shingo ya mbuzi inapofika, tope tupu. Mama akaingia ndani akajifunika kanga. Mimi nikalia waziwazi.

Mara hodi, wageni hao. Aliyetangulia ni bibi yake mchumba, Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Akawatazama mbuzi, akautazama ukuta.

"Nyie Wazaramo! Njaa gani hii, mpaka mbuzi wanakula nyumba?"

Shangazi hakumwachia. "Wanakula kwao! Si kama nyie, mliotembea kwa miguu toka Tabora kuja kula kwa watu!"

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Uga mzima ukaangua kicheko, baba naye, na mama akatoka alikojificha akifuta machozi, sijui ya nini. Jamani, nilifurahi siku ile!

Kisha bibi akamega kipande cha udongo kule juu ambako mbuzi hawakufika, akakionja, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Akanishika mkono.

"Hiki nakuwekea wewe, mjukuu wangu. Mimba ikikutamanisha udongo, usihangaike. Njoo kwangu."

Mwaka uliofuata nilikwenda kukidai. Chumvi ya mama ilikuwa bado imo.