Ramani Yasema Ni Hapa Hapa

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani anatia uzi kwenye sindano pale mwanamume mwenye bandeji usoni anaposimama mlangoni. Anatazama simu yake, anatazama mlango, kisha anarudi kwenye simu.

“Samahani, mama. Hapa ndipo ofisi ya zile teksi za mtandaoni?”

“Si hapa,” anajibu fundi bila kuinua kichwa. “Lakini kaa. Wenzako wote wamekaa.”

Mgeni anakaa kwenye benchi. Anaeleza kwamba dereva aliyembeba juzi alisinzia, akagonga nguzo, halafu akamshusha na kuondoka zake. Kwenye simu, safari inaonekana imekamilika salama, na anaombwa ampe dereva nyota.

“Nimpe zile nilizoziona nilipojigonga?” anauliza.

Fundi anacheka, kisha anaguna. Chumba chake kinatosha meza ya kukatia, cherehani ya kukanyaga, pasi na pazia la kujaribia nguo. Mtaani walimwita Mama Pindo, maana pindo zake hazifumuki. Siku hizi anaitwa Mama Ofisi, na jina hilo linamkera.

Ofisi ilifikaje hapa? Mwenye nyumba anakumbuka kwamba kabla ya fundi, vijana wawili waliovaa tai walikipanga chumba hicho, wakabandika tangazo la kampuni mlangoni, wakahama hata viti havijafika. Tangazo lilibanduliwa. Kwenye ramani ya simu bado lipo.

Kwa wiki fundi hupokea watu wapatao kumi. Yupo aliyesahau mkoba, yupo aliyeporwa, yupo aliyeshushwa asikokujua. Hata madereva huja, wakilalamika kwamba wamefungiwa akaunti bila kuambiwa kosa. Nguo za wateja zinachelewa, na mwenye oda ya sare za shule ameshahamia kwa fundi mwingine.

“Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo,” anasema. “Hawa hawapo, lakini lao lipo, limejaa mlangoni kwangu.”

Alikuwa akiyachukulia haya kama mzaha mpaka mwezi uliopita, binti yake alipoita gari arudi nyumbani kutoka chuoni. Picha ya dereva kwenye simu ilionyesha mzee mwenye upara. Aliyekuja alikuwa kijana mwenye kofia na sauti ya kukwaruza. “Gari la kaka, ingia tu,” alimwambia.

Kijana aliipita njia ya nyumbani. Binti alipomkumbusha, alifunga milango na kuongeza muziki. Penye tuta gari lilipunguza mwendo. Binti akafyatua kufuli la mlango wake, akavuta kitasa kwa nguvu zote, akaruka. Mkono wa kulia ulivunjika.

Polisi waliomba jina la dereva. Jina lililopo ni la mzee wa pichani, naye alipopatikana alisema gari aliliuza zamani, na akaunti hajui imeangukia mikono ya nani. Binti akaiandikia kampuni. Ikamjibu: pole kwa usumbufu, fika ofisini kwetu. Chini yake palikuwa na ramani.

“Aliingia na mkono umefungwa plasta ngumu, akanionyesha simu,” anasimulia fundi. “Akasema, ‘Mama, wameniambia nije kwako.’ Nilichanganyikiwa, nakwambia. Nikamkalisha kwenye benchi hilo hilo, nikamuuliza, ‘Una tatizo gani?’ kama vile ni mgeni. Sijui kwa nini nilifanya vile. Halafu tukalia wote wawili.”

Mwandishi wa habari hii naye aliitumia kampuni hiyo maswali, akiwa hapo hapo dukani. Jibu lilifika chai haijapoa: pole kwa usumbufu, fika ofisini kwetu. Alama nyekundu ya ramani ilikuwa juu ya kiti alichokalia. Alitazamana na fundi, na kwa kweli hakuna aliyejua acheke au afanye nini.

Wiki iliyopita kijana wa duka la simu alikuja na habari njema: amegundua namna ya kuiondoa alama hiyo. Fundi alimwambia asubiri kwanza.

Kwa nini? Anashusha sauti na kuonyesha pazia. Nyuma yake binti amekaa, anachambua vifungo kwa mkono wa kushoto.

“Madereva wakifungiwa huja hapa, hawana mlango mwingine. Na yule aliyembeba mwanangu iko siku atafungiwa, kwa kosa lolote lile. Atakuja na simu yake, aulize kama hapa ndipo ofisini. Mwanangu anaijua ile sauti.”

Na akija?

“Hapo ndipo kichwa kinapogoma,” anakiri. “Naogopa, sikufichi. Fundi vyuma wa jirani ameahidi kuja mbio nikimwita. Polisi walitaka jina. Jina sina, nitawapa mtu.”

Kabla hajamaliza, kivuli kinaziba mlango.

“Hodi! Hapa ndipo ofisini?” Ni sauti ya kiume.

Cherehani inanyamaza. Fundi hamtazami mgeni, analitazama pazia. Linasogea kidogo, na binti anatikisa kichwa: siye.

“Karibu, baba,” anasema fundi, na mguu wake unarudi kwenye kikanyagio. “Kaa. Wenzako wote wamekaa.”