Levina Aliyepigana Amekaa

Suruali ilikuwa imepasuka palepale ilipopasuka ya wiki iliyopita, katikati ya miguu, mpasuko unaoshuka mpaka nusu ya paja. Kassian aliinyanyua mbele ya uso wa Levina kama mtu anayeonyesha panya aliyemkamata stoo.

"Dada Levina, hii ya tatu sasa. Wanafunzi wangu wananicheka. Nikipiga teke naonyesha chupi."

"Mimi ntajuaje unachofanya humo ndani? Umesema suruali, nimekushonea suruali. Hebu lipige hilo teke nilione."

"Hapa?"

"Sasa wapi, kanisani?"

Basi Kassian akapiga teke pale pale kwenye baraza la duka la vitambaa la Mwanaheri, Ifakara mjini, mwezi wa tatu mwaka tisini na sita, mvua imetoka kunyesha na barabara yote ni tope. Mwanaheri akachomoka dukani anafoka kwamba mguu wa mtu usipite karibu na jora lake jeupe. Levina hata hakumsikia. Alikuwa anaangalia nyonga ya Kassian inavyofunguka. Akachukua mkasi, akakata kipande cha pembe nne, akakitia pale katikati. Suruali ile haikupasuka tena.

Levina alikuwa fundi kwelikweli. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelemazwa na polio tangu ana miaka minne, mwembamba kama mpini wa jembe, na alitembea kwa gongo. Kwa hiyo hakutumia cherehani ya kukanyaga. Alikuwa na ya mkono, ya kuweka mezani, ile unayozungusha mpini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unaongoza kitambaa. Masista walimpa alipomaliza mafunzo ya ushonaji, kabla hata hajaolewa. Miaka kumi na miwili alikuwa anauzungusha mpini ule, kuanzia asubuhi mpaka jua linakwenda kuzama, na cherehani ile ndiyo iliyompa chumba, chakula na heshima ya kuitwa fundi badala ya kilema.

Sasa ilikuwa inataka kuondoka.

Mumewe Wendelin alikuwa amefariki mwezi wa kumi na mbili. Siku ya kumaliza matanga, kaka mkubwa wa marehemu, Beatus wa Sanje, alisimama mbele ya ndugu wote akasema cherehani ni mali ya mdogo wake, inarudi kwenye ukoo. "Mpunga ukishavunwa nakuja kuichukua." Alivyosema ni kama anazungumzia jembe aliloazima jirani. Levina akajikokota mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamwambia hayo ni mambo ya familia, wakayamalize ndani. Jibu la mtu yeyote mwenye kiti ambaye hataki kunyanyuka kwenye kiti.

Ndiyo maana Kassian alipoingiza mkono mfukoni alipe, Levina alimzuia.

"Usinilipe. Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Mtu akikushika mkono unatokaje. Akirusha ngumi unafanyaje. Hayo tu. Mateke kaa nayo."

Kassian alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Alikuwa kijana wa kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Karate aliipata jeshini, JKT, na jioni aliwafundisha vijana wenzake nyuma ya mashine, juu ya rundo la pumba, ukianguka huumii. Wakimwita senseyi, yaani mwalimu, kifua kinamjaa. Lakini kilema hakuwahi kumfundisha.

"Sawa," akasema. "Somo la kwanza ni kusimama."

Saa saba mchana Mwanaheri alipofunga duka kwenda kula, Levina akasimama na gongo lake. Kassian akamsukuma kidogo begani. Levina huyoo, chini. Siku ya pili akaanguka tena, safari hii na majora mawili juu yake.

Mwanaheri akarudi mbio na tonge mkononi. "Wewe Kassian! Ukiniulia fundi wangu, wewe ndio utanishonea magauni ya harusi?"

"Mama, bila kusimama hakuna karate. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Waliokufundisha walikuwa na miguu mingapi?"

Siku ya tatu Levina alichoka. Alimkalisha Kassian kwenye stuli yake. "Nyanyua mguu wa kushoto, usiguse chini. Haya." Akamkamata kola ya shati, akavuta. Senseyi mzima, anayepasua matofali, alitapatapa hewani kama kuku aliyefungwa miguu, akaenda na stuli yake mpaka sakafuni.

"Umeona?" Levina akasema. "Karate yako yote iko miguuni. Mimi nataka ya kukaa."

Kassian aliondoka bila kuaga vizuri. Usiku ule, alikuja kusimulia baadaye, alikaa kwenye kitanda chake anajivuta kola mwenyewe. Kesho yake alikuja bila habari ya kusimama. Alikuja na kiti. Kipana, kifupi, miguu minne minene, amekichonga kwa mbao za makreti. Akakisukuma mpaka mgongo wa kiti ukagusa ukuta wa duka.

"Huu ukuta ndio mguu wako wa kushoto," akasema. "Usiuache kamwe."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Alimfundisha kwanza mkono ulioshikwa. Watu wengi wakishikwa wanavuta kurudi nyuma, kama punda na kamba yake, na anayeshika anazidi kubana. Kassian alimwonyesha nafasi iliyopo kati ya kidole gumba na vidole vingine. Hapo ndipo mkono wowote ni dhaifu. "Kiwiko kibane kwenye mbavu. Zungusha, utokee upande wa gumba." Akamkamata kifundo cha mkono wa kulia, kwa nguvu zake za kubebea magunia. Levina akazungusha mara moja. Kassian akabaki anakodolea kiganja chake kitupu. Akamshika kwa mikono miwili. Mkono ukachomoka tena.

"Dada, unakula nini wewe?"

Levina akagonga mpini wa cherehani kwa kucha. Miaka kumi na miwili, mzunguko uleule.

Kushikwa kola kulimsumbua zaidi, kwa sababu senseyi alisema rudi nyuma hatua moja, na yeye hatua hana. Levina ndiye aliyelipata jibu. Kitambaa kinachoteleza hukivuti, unakitia pini kwanza. Akaugandamiza mkono wa Kassian kifuani kwake kwa viganja vyote viwili, ukakwama hapo, halafu akainama mbele na mwili wote. Kifundo cha Kassian kikakunjika, magoti yakafuata. "Basi, basi, basi!" Walirudia mpaka Kassian akaanza kuja na kitambaa amejifunga kifundo.

Ngumi ilichukua wiki nyingi. "Usiizuie," Kassian alisema. "Isindikize. Pinda kiuno, kichwa kitoke njiani, mkono wako uisukume ipite." Mwanzo alirusha taratibu. Levina akamwambia asimdekeze. Mara moja alichelewa, ikampata shavuni, akashona wiki nzima na jicho dogo kuliko jingine.

Lakini Kassian siku zote alisema anarusha nini kabla ya kurusha. Beatus hangesema. Basi Mwanaheri akapewa kazi ya kushtukiza. Anapita na chai, mara anamrukia Levina mkono. Anajifanya anapima kitambaa, mara anamkaba kola. Alipoteza bangili mbili kwenye kazi hiyo, na siku moja akajikuta amepiga magoti mbele ya mteja.

"Shoga," alisema akijifuta vumbi, "huyo shemeji yako aje haraka. Mimi mwili wangu umekwisha."

Mwezi wa saba mpunga uliisha mashambani, barabara zikakauka, magunia yakajaa mjini. Beatus alikuja siku ya gulio, saa nne asubuhi, na baiskeli, na kamba ya katani ndefu imeviringwa kwenye keria. Kwa hiyo alikuwa amekwishapima kichwani namna atakavyoifunga.

"Shikamoo shemeji," Levina akasema.

Beatus hakuitikia. "Nilikuambia nakuja."

"Karibu. Ila hiyo kamba umeibeba bure. Cherehani ni yangu, nimepewa na masista kabla sijamjua ndugu yako."

"Wewe umeolewa. Ulichokuja nacho na ulichokikuta, vyote vya mume."

"Waulize masista."

"Siulizi mtu." Akaweka mkono juu ya cherehani. Levina akaweka wake juu ya mpini. Watu wa gulioni wakaanza kusogea, si unajua watu na ugomvi. Mwanaheri akatuma neno kwenye mashine, Kassian aitwe.

Beatus akamkamata Levina mkono wa kulia.

Nasema wa kulia. Mtu ameona mguu mmoja mbovu akadhani mwili mzima ni mbovu. Akaukamata mkono ule ule uliokuwa unafanya kazi ya mkono na miguu miwili. Levina akabana kiwiko, akazungusha. Beatus akabaki ameshika upepo.

"Eeh!" mtu mmoja akaguta.

Beatus akaangalia vidole vyake, akaangalia watu, uso ukaanza kumvimba. Akamkamata kola ya blauzi amnyanyue kwenye kiti. Mikono ya Levina ilikuwa inajua kazi yake: pini kwanza. Akaugandamiza ule mkono kifuani, akainama. Beatus, mwanaume wa kilo tisini, akateremka mpaka magoti yake yakagusa saruji.

"Shemeji," Levina akasema polepole karibu na sikio lake, "nenda nyumbani. Salimia watoto."

Akamwachia. Hakutaka kumvunja mkono, alitaka tu aondoke.

Mwenye akili angeondoka. Beatus aliinuka na kurusha ngumi, ya hasira, ya bega zima. Levina aliiona inatokea mbali kama basi la Mahenge. Akapinda kiuno, kichwa kikatoka njiani, mkono wake ukaisindikiza vizuri kabisa, ikapita kando ya shavu na kwenda kukutana na ukuta wa Mwanaheri.

Ukuta haukutikisika. Beatus alilia sauti ambayo hakuna aliyetegemea itoke kwa mtu mkubwa vile.

Ndipo Kassian alipofika, anahema, pumba kichwani, mikono imekunjwa ngumi tayari. "Yuko wapi?"

"Umechelewa, senseyi," Mwanaheri akasema. "Amekwisha."

Levina akainua cherehani kwa mikono miwili, akaipakata mapajani. Akaisogeza meza mbele kwa gongo lake. "Hii meza alichonga Wendelin. Hii ni yake kweli, siwezi kusema uongo. Ukiitaka, shemeji, ichukue."

Beatus aliiangalia meza, akaangalia ile halaiki, amekumbatia mkono wake.

"Beba basi!" Mwanaheri akapiga kelele. "Mkono mmoja unatosha!"

Gulio zima likaangua kicheko. Beatus akasukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto, ikawa inayumba hadi ilipopotea nyuma ya magunia ya mpunga. Hakurudi tena. Kamba yake ilianguka hapo barazani na hakuna aliyemwita.

Levina aliifunga kwenye nguzo mbili za baraza, akaanika juu yake suti kumi na moja za karate ambazo vijana wa Kassian waliagiza kwa ajili ya sikukuu ya wakulima, Nane Nane, kila moja na kipande chake cha pembe nne katikati.

Jumamosi iliyofuata wanawake saba walikuja saa saba mchana: wauza mchele, mama lishe, na binti mmoja anayesoma unesi. Wote walikuwa na miguu miwili mizima. Walijipanga barazani wamesimama, kanga zimefungwa kiunoni, ngumi juu kama walivyoona vijana wakifanya.

Levina akawatazama mmoja mmoja kutoka kwenye kiti chake.

"Somo la kwanza," akasema. "Kaeni."