Soda Zilizofunguliwa Jikoni

Siku wageni walipokuja kumposa mjukuu wangu, soda tulimwachia mwanangu, mwalimu wa kemia. Heri ningemwachia mbuzi. Kreti ilitoka mjini kwa bodaboda mchana wa jua kali, na barabara ya kuja Ilongero mnaijua. Ikafika ya moto, imesukwa kama maziwa kwenye kibuyu.

Kwetu mgeni hufunguliwa chupa akiiona, ajue hakuna mkono uliotangulia. Mwanangu akafungua ya kwanza mbele ya mshenga. Povu likaruka, likamwogesha koti, na koti lenyewe nadhani aliazima.

Badala ya kusema pole, mwanangu akaanza kufundisha. "Gesi hutulia kwenye kinywaji cha baridi, mzee. Kikipata joto inatafuta pa kutokea. Ukikitikisa ndiyo kabisa."

"Mwalimu," mshenga akasema akijipangusa, "mimi nimekuja kuulizia binti. Shule niliacha zamani."

Basi mwanangu akazibeba zilizobaki hadi jikoni, akazifungua zote, akangoja zitulie. Akarudi na sinia, amejaa furaha. "Sasa haziruki."

Kweli, hazikuruka. Wala hakuna aliyezigusa. Shangazi wa kijana akainua moja, akaisikiliza kama simu. "Hii imekufa. Imefunguliwa na nani, huko tusikoona?"

Nyuma ya pazia mjukuu wangu alikuwa anachungulia. Anampenda kijana yule, sijui kwa lipi, na sasa wakwe walikuwa wanatafuta viatu.

Mwanangu akasimama kueleza tena habari za gesi.

"Kaa chini," nikamwambia. "Unayosema ni kweli, na yanatumaliza."

Nikaichukua chupa mkononi mwa shangazi, nikanywa nusu. Tamu na ya moto, kama dawa ya kikohozi ya watoto. Kagesi kalikobaki kakapanda, nikacheua mbele ya wakwe, mtu mzima mimi.

"Nimekunywa. Nikianguka, mchukueni binti bila mahari."

Shangazi hakucheka. Akanisogezea ya pili. "Na hii, bibi."

Nikaonja zote, moja moja, tumbo limevimba kama la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ndipo akanywa na yeye, akakunja uso.

"Mbaya kweli," akasema. Akaiweka chini, akajifunga khanga vizuri. "Haya, mwiteni huyo binti."

Mjukuu wangu alishatoka nyuma ya pazia.