Neno Moja na Mjane wa Galu

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba nilipoanza kuchoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mkalimani katika ofisi moja ya serikali juu ya kilima cha Kwale. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya meza na watu. Aliyekaa nyuma ya meza alisema Kiingereza; waliosimama mbele yake walisema Kidigo, au Kiduruma, au Kiswahili, na wengine walivichanganya vyote kwa pumzi moja. Kuanzia asubuhi hadi alasiri nilisema maneno ya watu. Nikirudi chumbani kwangu sikuwa na langu la kusema. Jirani akinisalimu, nilimwitikia kwa kichwa.

Mama yangu na mke wangu walikuwa Msambweni. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kila aliyetoka kule aliniletea salamu zilezile: anauliza utakuja lini. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha bila mimi kupata likizo. Niliomba kwa barua mara tatu. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba afisa anahama, nimsubiri atakayeshika nafasi yake. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu nilimpa huyo afisa mpya mkononi, akaiweka chini ya jiwe alilolitumia kuzuia karatasi zisipeperuke, akasema, "Leave it with me."

Nilitoka nje nikiwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimesikia "leave" tu, na kwa mtu aliyekuwa akiota likizo neno hilo halikuwa na maana nyingine. Nilimwambia karani mwenzangu kwamba nimekubaliwa. Yeye alikuwa amesoma kunipita, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Amekwambia umwachie karatasi," alisema. "Hajakupa kitu."

Shuleni tulifundishwa kwamba neno hilo ni kuondoka. Mwalimu alitoka mlangoni, akarudi, akatoka tena, nasi tuliimba kila alipotupa mgongo. Baadaye nikajifunza kwamba ni kuacha pia, na kubakiza chakula sahanini, na kumwachia mtu urithi. Hata majani ya mti yalitamkwa karibu vivyo hivyo. Nilipoajiriwa ndipo nikajua kuwa ni likizo. Nikadhani nimelimaliza.

Siku chache baada ya karatasi yangu kuwekwa chini ya jiwe, alikuja mjane mmoja kutoka Galu. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga leso mbili safi, na alisimama mbele ya meza kama mtu aliyekwishajisemea maneno yake njiani. Alikuwa ametoka kwake baada ya sala ya alfajiri, na jua lilikuwa limeshapita utosini alipoitwa. Kabla yake nilikuwa nimefasiri ugomvi wa mpaka, talaka, na ng'ombe walioingia shamba la watu. Ulimi wangu ulikuwa mkavu kama gunzi.

Shauri lake lilikuwa hivi. Aliishi kwenye kipande cha ardhi karibu na ufuo, alikozikwa mumewe na mtoto wao mmoja. Alikuwa na nyumba ya udongo, muhogo, na minazi saba. Lakini kwenye karatasi ardhi ile ilikuwa ya serikali, na Mzungu mmoja aliyestaafu alikuwa ameomba ajenge hapo nyumba ya kupumzikia. Mjane hakuja kupinga nyumba hiyo.

"Mwambie, mwanangu," alisema, "naomba kona yangu tu. Yeye na ajenge. Mimi simzuii upepo."

Nilifasiri. Afisa alikuwa mgeni katika nchi yetu, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuagizia chai. Aliuliza maswali mawili, akatazama ramani, akawasha kiko chake. Kisha, kiko kikiwa mdomoni, alisema maneno manne na kunyoosha mkono achukue faili nyingine.

Mimi nilisikia "she must leave". Yaani hana budi kuondoka. Watu wa viwanja vya ufuoni waliokuja kabla yake karibu wote waliambiwa wahame, na masikio yangu yalikuwa yamezoea kujibu kabla ya afisa. Sikumwomba arudie.

"Bibi," nilimwambia, "amesema uhame."

Alinitazama, akamtazama afisa, akanitazama tena. Nilidhani atalia, nikaanza kuudhika kwa kuwa nje bado kulikuwa na watu. Hakulia.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Nimesikia," alisema. "Ahsante kwa taabu yako." Akatoka, na nikamwita aliyefuata.

Mwezi ulipita. Asubuhi moja nilikuta karatasi yangu mezani, imepigwa muhuri. Nimepewa siku kumi na nne. Juu yake afisa alikuwa ameandika kwa mkono wake, "Leave granted," likizo imekubaliwa. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikaitoa tena kuisoma. Kisha, ili nisiache kazi nyuma yangu, nikaanza kupanga majalada yaliyorundikana kabatini.

Jalada la mjane wa Galu lilikuwa la nne au la tano. Nilikuwa nalirudisha mahali pake nilipoona mwandiko uleule, na maneno yaleyale mawili, "Leave granted". Nikafikiri nimechanganya karatasi, labda nimetia ya kwangu humo kwa uzembe. Nikasoma mstari mzima. Ulisema amepewa ruhusa ya kukaa kwenye kona yake kwa maisha yake yote.

Niliketi. Nikajaribu kuirudisha sauti ya afisa masikioni mwangu, na kile kiko. "She has my leave." Ana ruhusa yangu. Ndiyo maneno manne. Mimi nilikuwa nimesikia matatu.

Nilikwenda kwenye kabati la vitabu nikafungua kamusi ya ofisi. Neno hilo lilijaza karibu safu nzima, na ruhusa ilikuwamo, katikati, imeandikwa kwa herufi ndogo kama nyingine zote.

Ningependa kusema kwamba niliinuka palepale nikaenda kwa afisa. Sikwenda. Nililifunga jalada, nikaliweka mahali pake, nikachukua mfuko wangu wa safari. Nilijiambia kwamba watu wetu hawahami kwa neno moja, kwamba huenda bado yuko kwake anapika. Nilijiambia nitapita Galu kwanza, nimwone, nimwambie mambo yamebadilika, kisha nishike njia ya Msambweni. Sikuwa na nia ya kumwambia nani alikosea.

Nilifika Galu kabla ya adhuhuri. Aliyenionyesha mahali alikuwa mvuvi akibeba wavu begani. "Palikuwa pake," alisema. Nyumba ilikuwa imeezuliwa. Makuti, mlango na fremu za madirisha vilikuwa vimeondolewa kwa uangalifu, na kuta zilibaki wazi, zimeanza kulika kwa mvua. Muhogo ulikuwa umeng'olewa ungali mchanga. Minazi mitatu ilikuwa imelala chini, imekatwa na vibarua wa yule Mzungu ili kupisha gari za mawe. Makaburi mawili yalikuwa yamefagiliwa na kuzungushiwa makombe meupe ya pwani, yamepangwa upya si zamani.

"Alikaa hapo siku nzima ya kuhama," mvuvi alisema. "Hakutaka mtu amsaidie kufagia."

"Amekwenda wapi?"

"Matuga, kwa binti yake."

Matuga ilikuwa nyuma yangu, upande nilikotoka. Nilisimama pale nikiwa na mfuko wangu, Msambweni upande mmoja na Matuga upande mwingine, na nakiri kwamba nilihesabu siku zangu. Kisha nikarudi.

Nilimkuta kesho yake, nje ya nyumba ya mkwewe, akisuka ukili wa mkeka. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanitazama kwa muda.

"Wewe ndiwe yule wa ofisini."

"Ndimi."

"Umekuja kunihamisha na hapa?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine kabisa. Lakini aliuliza bila kejeli, kama mtu anayeuliza kama kutanyesha, nami nikashindwa.

"Bibi, afisa hakusema uhame," nilimwambia. "Alisema ukae. Amekupa ruhusa mpaka mwisho wa maisha yako, na ameiandika. Mimi nilisikia vibaya. Neno lile kwao lina maana nyingi, nikashika isiyokuwa yenyewe."

Mikono yake iliendelea kusuka kidogo, kisha ikaacha.

"Kwa hiyo si Mzungu aliyenifukuza."

"Si yeye."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Mkwewe alitoka ndani. Alikuwa ameyasikia yote, na alinitukana kwa dakika nzima. Mjane alimwacha mpaka alipoishiwa, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Siku ile ulikuwa mgonjwa?"

"Nilikuwa nimechoka, bibi."

"Niliona," alisema. "Nilimwambia binti yangu, yule kijana alikuwa anasinzia macho wazi. Lakini nilidhani hilo halinihusu."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Haya, nirudishe," akaingia ndani kutafuta viatu vyake.

Tulipanda kilima pamoja, yeye mbele. Afisa alishangaa kuniona siku ya pili ya likizo yangu, na alishangaa zaidi kumwona aliyekuwa nami. Nilimweleza nikiwa nimesimama mahali palepale pangu, kati ya meza na mtu, ila safari hii maneno yalikuwa yangu. Uso wake ulianza kuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Kwa nini hukuniomba nirudie?"

"Nilikuwa nimechoka, bwana."

"Sote tumechoka," alisema. Kisha akaniuliza, kwa neno lilelile "leave", kama nataka kwenda. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilimrudishia afisa swali.

"Bwana, una maana niendelee na likizo, au niache kazi?"

Nadhani yeye mwenyewe hakuwa ameamua. "Likizo," alisema mwishowe. Alimwandikia Mzungu wa Galu barua, akaniagiza niisome yote kwa Kiswahili mbele ya mjane, na baada ya kila mstari alinifanya nimwambie kwa Kiingereza nilichokisema. Ilichukua muda mrefu. Mjane alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho aliuliza barua inasema nini kuhusu minazi mitatu. Barua haikusema kitu. Afisa akachukua kalamu akaongeza mstari, kwamba mingine isiguswe.

Siku zangu zilizobaki, isipokuwa mbili za mwisho, nilizimalizia Galu. Hakuna aliyenituma. Nilikata fito, nikakandika udongo, nikabeba makuti kutoka Matuga kwa lori la nazi nikiwa nimekaa juu yake. Mkono wangu ulikuwa laini wa karani, ukatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Yule mvuvi alinisaidia kuezeka kwa sababu nilikuwa napanga makuti kinyume. Mkwe wa mjane alikuja siku tatu, akafanya kazi kunishinda, na hakunisemesha. Mjane alitupikia. Chakula changu alikiweka mbali kidogo na cha wengine. Hakuwa ananitenga kwa ubaya. Alikiweka kama mtu ambaye bado hajajua anikalishe wapi.

Siku nilipoondoka alikuwa akipanda vijiti vya muhogo. Nilimuaga. Alisema, "Mungu akufikishe," bila kuinua mgongo.

Msambweni nilikaa siku mbili. Nililala karibu zote. Mama alinishika mikono akayapapasa malengelenge kwa vidole, akauliza siku hizi serikali inatufanyisha kazi gani. Nikamwambia ya kuandika.

Mjane aliishi kwenye kona yake miaka minne au mitano zaidi. Nyumba ya Mzungu ilijengwa, nzuri, ina baraza inayotazama bahari, na kati yake na kwake palikuwa na ile minazi minne iliyobaki. Nilipita Galu mara mbili kabla hajafariki. Mara ya pili alinikaribisha ndani na kunipa kahawa, tukazungumza habari za mvua.

Mimi niliendelea na ukalimani. Tangu wakati huo sikufasiri hukumu hata moja kabla ya kuomba irudiwe, hata iliyosemwa wazi, hata ya neno moja. Maafisa walichoka nami. Wa mwisho kunisimamia aliandika kwenye taarifa yangu ya mwaka kwamba mimi ni mwaminifu, nafika mapema, lakini Kiingereza changu ni dhaifu na huchelewesha kazi. Nilitakiwa kutia sahihi kuonyesha nimekubali. Nikaisoma mara mbili, nikatia sahihi, nikamwita aliyefuata.